Fundi Picha na Ng'ombe wa Kikatiti

Mjini Arusha, enzi za Waingereza, ukitaka meno meupe ulikwenda kwa Fundi. Sisi tuliokulia miteremko ya Meru tulikunywa maji ya mlima tangu uchanga wetu, na maji yale yana chumvi yake inayoingia kwenye jino na kuliacha kahawia. Tulisugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa mswaki wa mti, na kahawia ikabaki palepale. Fundi aliitoa kwa penseli. Alikaa dirishani na negativu yako mkononi, ile filamu ambayo kilicho cheusi hutoka cheupe kwenye picha, penseli imechongwa ikawa kali kama sindano, akigusa na kupuliza, akigusa na kupuliza, na picha ilipotoka ulikuwa unacheka kama mtu aliyezaliwa Tanga, mbali na maji yale.

Ninayo picha ya namna hiyo, ya arusi yangu. Mume wangu alipoiona mara ya kwanza aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza bibi arusi huyu ni nani na mimi nilikuwa wapi siku hiyo.

Jina la Fundi lilikuwa limeandikwa kwa rangi juu ya mlango wa studio, nyuma ya soko, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Alikuwa Fundi kwa Waislamu wenzake wa mitaa ile ya zamani, Fundi kwa Wachaga waliokuja na suti zao Jumapili baada ya ibada, Fundi kwa Wazungu wa mashamba ya kahawa. Alikuwa mfupi, mwenye tumbo dogo gumu na sauti kubwa kuliko chumba chake. Kujisifu hakukumpa shida hata kidogo. Ukimwambia picha ni nzuri, alikujibu kwamba analijua hilo, na kwamba ungeiona jana, kabla hajaikausha, ungelia.

Wateja aliwakaripia. "Tulia," alimwambia bwana mmoja karani aliyekuwa akirekebisha tai kila mara. "Ukitaka kucheza ngoma, nenda Kaloleni. Hapa tunakaa." Kwa watoto wachanga tu ndipo alipopunguza sauti. Aliwaita "mheshimiwa" na akawangoja, jasho likimtiririka chini ya kitambaa cheusi, mpaka mheshimiwa anyamaze.

Watu walimcheka kwa jambo jingine. Asubuhi alipanda juu ya paa la studio na kupiga picha ya Mlima Meru. Jioni alipanda tena na kupiga picha ya mlima uleule, kutoka palepale. Alifanya hivyo miaka mingi na hakuna aliyewahi kununua hata moja. Mkewe alisimama chini ya ngazi na kumwuliza kama mlima umehama tangu asubuhi. "Mlima haukuhama, mama," alimjibu kutoka juu. "Kivuli kimehama." Mkewe akaingia ndani akitikisa kichwa, na sisi majirani tukacheka naye.

Mimi nilimfahamu kwa karibu zaidi kwa sababu ya kazi. Nilisomea uuguzi hospitali ya misheni, kisha nikaajiriwa kwenye maabara ndogo ya mifugo iliyokuwa kando ya njia ya kwenda Olmotonyi. Kazi yangu ilikuwa kupaka tone la damu ya ng'ombe juu ya kipande cha kioo, kulikausha, kulitia rangi, na kumpelekea Daktari alitazame kwa hadubini. Daktari alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, mwenye kupenda kueleza mambo hata kwa asiyemwuliza. Alimwita Fundi awe anakuja kupiga picha za vile vioo, ili ziwekwe kwenye kumbukumbu.

Siku ya kwanza Fundi aliinama kwenye hadubini, akainuka upesi. "Nani aliyewasha taa vibaya namna hii?" aliuliza. Daktari akasema ni yeye. Fundi akaisogeza taa bila kuomba ruhusa, akatazama tena, na akasema sasa afadhali. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, na kelele zao zilinifuata hata nilipokuwa nje naanika vitambaa.

Walichobishania zaidi kilikuwa ni kioo. Daktari alimweleza kwamba kiumbe hai kidogo, kabla hakijatiwa rangi, ni kama kipande cha kioo ndani ya maji. Mwanga ukipita ndani yake haupungui, ila unachelewa kidogo kuliko mwanga uliopita pembeni.

"Basi tupige picha ya huko kuchelewa," Fundi akasema.

"Haiwezekani, Fundi. Jicho lako linajua mwanga mwingi na mwanga kidogo. Kuchelewa halijui. Jicho halina saa."

"Na filamu?"

"Filamu pia haina saa."

Daktari akamweleza kwamba huko Ulaya wametengeneza lenzi yenye pete ndani yake, inayogeuza kuchelewa kuwa giza, na jicho likaona. Aliagiza moja. Ilipofika haikuingia kwenye hadubini yetu, ikarudishwa, na tukaambiwa tungoje. Fundi aliichukulia habari hiyo kama tusi. Kwamba kuna pete mahali fulani inayoweza kuona asichoona yeye, jambo hilo lilimkera kuliko mteja mwenye kutikisa tai.

Alikuwa na misemo yake ya kazi, na mmoja aliurudia mpaka tukauchoka: "Msiniulize picha ni nzuri au mbaya. Niulizeni taa ilikuwa wapi." Aliusema studio, aliusema msibani, aliwahi kumwambia hata mganga wa meno.

Na bado mtu huyuhuyu, aliyejali sana taa na kivuli, hakuwa na haya kabisa kufuta kovu la mtu usoni. Nilimwuliza mara moja kama halioni hilo kuwa ni uongo. Alinitazama kama mtoto mjinga. "Dada, mtu anapokuja kwangu anataka nimsaidie," alisema. "Akitaka kujua alivyo, ana kioo nyumbani." Nyama sokoni aliipimisha mara mbili kwa mizani mbili tofauti, kwa kuwa hakupenda kudanganywa.

Huyo ndiye mtu ambaye ng'ombe wa Kikatiti walikuja kumwangukia.

Walikuwa wa mama mmoja mjane wa Kikatiti, kijiji cha kando ya barabara ya Moshi, Mmeru mwenzangu, mwenye maneno machache na mgongo ulionyooka. Wakati ule ng'ombe wote waliokuwa wapitishwe njia ya Moshi kwenda mnadani walitolewa damu kwanza. Damu ya ng'ombe wake nilipoitia rangi ilionyesha vidoa vyeusi kwenye kingo za chembe za damu, vidoa vilevile vya ugonjwa mmoja mbaya unaoletwa na kupe. Nilipaka tena vioo vingine, vidoa vikawepo. Msimamizi wa mnada akatoa amri. Kama vidoa vitathibitishwa, kundi lote lichinjwe palepale bomani, lisipite barabarani kuambukiza ng'ombe wa watu wengine.

Mama yule alikuja maabara kwa miguu akakaa langoni. Ng'ombe wake walikula vizuri, alisema, wakatoa maziwa, na hakuna aliyeangusha masikio. "Hao ni ada ya watoto wangu na ni chakula chao," aliniambia kwa Kimeru. "Wakichinjwa, nitarudi kwa kaka zangu na watoto mkononi. Nitarudi na uso gani?" Nilimletea chai.

Daktari naye hakuamini ugonjwa, kwa kuwa ng'ombe wagonjwa hawana tabia ile. Lakini vidoa vilikuwepo, na msimamizi alikuwa na haki ya kuogopa. Swali lilikuwa moja tu. Mdudu wa ugonjwa ule hukaa ndani ya chembe ya damu. Je, vidoa hivi vilikuwa ndani, au vilikuwa takataka juu yake? Ukitazama kutoka juu, rangi nyeusi ni rangi nyeusi, na hadubini yetu haikuweza kutenganisha.

"Ile pete ingetusaidia," Daktari akasema.

Fundi alikuwa amesimama dirishani, akiutazama mlima. Wingu lilikuwa limeondoka na jua la asubuhi lilikuwa upande wa Moshi.

"Mnatazama kwa jicho moja," alisema, "halafu mnataka kujua kimo cha kitu. Nipeni mawili."

Alikata karatasi nyeusi ile inayofungia filamu, akaiweka chini ya meza ya hadubini, pale mwanga unapoingilia, ikaziba nusu ya kushoto. Akapiga picha. Bila kukigusa kioo chenye damu, akaihamisha karatasi ikaziba nusu ya kulia, akapiga ya pili. Daktari akamwuliza anafanya nini.

"Hii ya kwanza ni asubuhi, hii ya pili ni jioni," Fundi akasema. "Mlima wangu ule, asubuhi una kivuli huku, jioni una kivuli kule. Msitu ni mweusi asubuhi na ni mweusi jioni, haubadiliki. Sasa mimi nikiichukua picha ya asubuhi nikaitoa ndani ya picha ya jioni, msitu unajifuta wenyewe. Kinabaki nini?"

Daktari alikaa kitini polepole. "Mlima," akasema.

"Mlima peke yake. Kimo na mabonde."

Kulaza picha juu ya picha ilikuwa kazi aliyoijua siku nyingi. Watu walimletea negativu ya babu aliyekufa na ya wajukuu waliozaliwa baadaye, naye akazilaza moja juu ya nyingine na kuwakalisha wote kwenye benchi moja. Safari hii aliigeuza ya asubuhi ikawa na weupe mahali pa weusi na weusi mahali pa weupe, akailaza juu ya negativu ya jioni mpaka kila ukingo ukakaa juu ya ukingo wake. Vilivyofanana vingefutana. Vilivyopishana vingebaki.

Alirudi kesho yake na picha. Ilikuwa nzuri ajabu. Chembe za damu zilisimama mviringo, zina bonde katikati kama sahani, unaona hadi mteremko wake. Kuchelewa kule kwa mwanga tulikoambiwa hakuna jicho la kukuona, tulikuona, kwenye karatasi, Arusha. Wala hapakuwa na kidoa hata kimoja. Katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kwamba hata rangi iliyo ndani ingejifuta; Daktari alimshika mkono akautikisa bila kuuachia.

Mimi ndiye niliyeitazama mara mbili. Pembeni mwa kioo kile palikuwa na chembe kubwa ya vumbi niliyoijua, kwa sababu niliitumia kama alama ya kuanzia. Kwenye picha haikuwepo nayo, ingawa vumbi lililosimama juu ya kioo halijifuti kama msitu. Nikamwonyesha Fundi.

Aliitoa negativu kwenye bahasha, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Pale palipokuwa na vidoa palimetameta. Ilikuwa penseli. Wakati wa kusubiri ikauke, mkono wake ulikuwa umefanya ulichozoea kufanya kwa kila uso uliopita mbele yake, umeokota penseli na kusafisha madoa. Hakukumbuka hata kuishika.

Bahati mbaya msimamizi wa mnada alikuwa ameshaingia. Alikuwa Mchaga wa Moshi, Mlutheri safi, viatu vyake vinang'aa hata siku ya matope, na hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza yote, kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio uliouma.

"Fundi, mimi nyumbani nina picha ya marehemu mama yangu uliyoipiga wewe. Ana meno yote. Mama yangu alifariki akiwa na manne. Naipenda sana picha ile. Lakini siwezi kupitisha ng'ombe kwa picha yako."

Mama wa Kikatiti alikuwa mlangoni, amesikia. Alimwendea Fundi moja kwa moja.

"Baba," alimwambia kwa Kiswahili, "mimi sitaki ng'ombe wazuri kwenye picha. Nataka ng'ombe wazima nyumbani."

Nilidhani Fundi angefoka, kwa jinsi nilivyomzoea. Badala yake alitoa mfukoni penseli zake zote, na kile kisu kidogo cha kukwangulia, na brashi ya nywele za ngamia ambayo hakuwahi kumruhusu mtu aishike, akaviweka vyote kwenye kiganja cha yule mama.

"Shika wewe," akasema. "Usinipe mpaka nitoke."

Akamgeukia msimamizi. "Na wewe utaingia na mimi. Tena koti vua, utaloa."

Picha zilipigwa upya, kioo kilekile, asubuhi na jioni ya karatasi nyeusi, msimamizi akiwa amesimama begani kwake. Kisha Daktari, msimamizi, Fundi na mimi tulijibana kwenye stoo iliyokuwa chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, wenye viatu vinavyong'aa na wasio navyo. Fundi alikunja mikono ya kanzu hadi juu ya viwiko. Kila kitu alichokishika alimwonyesha msimamizi kwanza. Negativu alimwachia azilaze mwenyewe, yeye akimwelekeza kwa maneno tu, kidogo kushoto, rudisha, hapo hapo. Ilipofika wakati wa kuisafisha picha, alimpa beseni la dawa alitikise.

"Polepole," Fundi akasema. "Mheshimiwa anakuja."

Karatasi ikawa nyeupe, ikawa kijivu, na kutoka kwenye kijivu zikaanza kupanda sahani zile za damu. Na juu yake, safari hii, vidoa. Nikamwazia mama aliyekuwa nje na kiganja kimejaa penseli.

"Vipo," msimamizi akasema.

"Vipo," Fundi akasema. "Sasa tazama vimekaaje."

Tuliinama wote. Vingekuwa rangi tu ndani ya chembe, vingefutana kama msitu. Hivi havikufutika. Vilisimama, kila kimoja na upande wake wa mwanga na upande wake wa kivuli, kokoto juu ya sahani. Na kimoja, karibu na vumbi langu la alama, kilikuwa kimeegemea ukingo, nusu juu ya chembe na nusu nje kabisa, kwenye kioo kitupu. Msimamizi ndiye aliyekiona kwanza. Aliweka kidole chake kilicholowa dawa.

"Huyu yuko nje," alisema. "Anaishije nje?"

"Haishi," Daktari akasema.

Kokoto zile nilizijua. Nilikuwa nazikwangua ndani ya birika langu kila Jumamosi. Mtambo wetu wa kuchuja maji kwa mvuke ulikuwa umeharibika siku chache kabla ya ng'ombe wa Kikatiti, tukaambiwa tuchanganye rangi kwa maji ya bomba mpaka utengenezwe, na maji ya bomba ni ya mlima. Nikawaambia palepale gizani. Maji yaliyopaka meno yangu yalikuwa yamepaka damu ya ng'ombe.

Mchana ule tulikinga mvua. Arusha ilitupa mvua kana kwamba ilikuwa imesikia. Nikachemsha, nikatia rangi damu mpya ya ng'ombe walewale kwa maji ya mvua, na msimamizi akatazama kwa jicho lake mwenyewe kioo baada ya kioo. Safi. Akavaa koti lake juu ya shati lenye madoa ya dawa, akatoka hadi langoni, akamwamkia yule mama, "Shikamoo," ingawa hawakupishana sana kwa umri, na akamwambia awapeleke ng'ombe wake mnadani akitaka, au awarudishe nyumbani akitaka.

Mama hakupiga kigelegele. Alimrudishia Fundi penseli moja moja, akizihesabu kwa macho, na brashi akaipangusa kwanza kwa khanga yake. Kigelegele nilikipiga mimi, na ninafurahi kwamba nilikipiga, kwa kuwa Daktari alishtuka akamwaga chai.

Siku ya mnada mama yule aliwapitisha wote Kikatiti, katikati ya barabara, ng'ombe mbele na watoto wake nyuma wamevaa nguo za kanisani, ijapokuwa alikuja kuuza dume mmoja tu. Watu walitoka madukani. Fundi alikuwa pale, amesimama juu ya sanduku la soda na kanzu mpya, anapokea salamu kama yeye ndiye aliyewazaa ng'ombe wale. Mtu mmoja akamwuliza mbona hawapigi picha.

"Ninayo tayari," alijibu, akapaza sauti ili na wa mbali wasikie. "Tena ya ndani."

Pete ya Ulaya ilifika baadaye, ikaingia sawasawa, na ilikuwa nzuri. Fundi aliitazama damu kwa pete hiyo kwa muda mrefu. Akasema inaona vizuri, ila haijui asubuhi na jioni.

Nilimwona kwa mara ya mwisho miezi michache kabla ya Uhuru. Alikuwa amehamisha studio nyumbani kwake Kimandolu, kwenye chumba cha mbele. Mkewe alinikaribisha, akanionyesha kwa kidevu alipo. Mkono wa Fundi ulikuwa umeanza kutetemeka, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, dada. Umenenepa, kaa pale."

Ukutani walikuwepo maarusi wake wote, miaka yote ile, meno meupe toka pembe hadi pembe. Katikati yao ilining'inia damu ya ng'ombe wa Kikatiti, imewekewa fremu kubwa kuliko ya mtu yeyote. Wateja, aliniambia, humwuliza kama ni mwezi au ni maharage.

Nilimweleza kilichonileta. Nilikuwa nimepewa chumba kile cha maabara nikisimamie, wa kwanza kati yetu, na walitaka picha yangu waiweke. Alifurahi mpaka akanikaripia kwa nini sikuvaa gauni zuri zaidi. Akanipiga picha. Kisha, kwa mazoea, mkono wake unaotetemeka ukaenda kwenye penseli, naye akaniuliza kama kahawia aitoe kwenye meno yote au ya mbele tu.

"Usiguse kitu, Fundi."

Aliniangalia juu ya miwani. "Kwani wewe ni ng'ombe wa Kikatiti?"

"Ndiyo."

Alicheka hadi mkewe akachungulia. Kisha akaitoa penseli mezani, akaniwekea kiganjani, na kunifumba vidole.

Nilipokwenda kuichukua picha alikuwa amelala, mkewe ndiye aliyenipa. Nilitabasamu ndani yake waziwazi, na meno yangu yote yapo, kahawia, ya Meru. Nikainua macho kumshukuru, ndipo nikaona ukutani kwamba alichapa mbili. Ya pili aliitundika katikati, ubavuni mwa ile damu.